Sauti ya Kukodi

Tangu saa mbili asubuhi Poongodi alikuwa amelia mara sita, ametekwa nyara mara moja na kufa mara moja, na ilipotimu saa saba mchana alikuwa na njaa kama mtu mwingine yeyote. Hoteli moja ya Vadapalani, mtaa wa studio za filamu, ilifurika mpaka mlangoni. Alijibana kwenye meza ya watu wanne, akanyunyizia maji jani la mgomba lililokuwa sahani yake, na mhudumu alipopita na ndoo ya mchuzi wa dengu akamwita, "Kaka, na mimi huku! Au mpaka nipige magoti?"

Kijana aliyekaa mbele yake aliacha tonge hewani. Alikuwa mwembamba, shati la buluu limepauka kola, nywele hazijui kitana. Alimtazama Poongodi usoni, kisha, maajabu hayo, akafumba macho.

"Dada, samahani. Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Omba chumvi."

"Nitaomba uhame meza. Kwenu hamfundishwi adabu?"

"Ndiyo yenyewe!" Akafumbua macho. "Ni wewe uliyekufa kwa homa kwenye ile filamu ya mwalimu wa muziki! Mimi na mama tulilia, na ukumbi mzima pale Tirunelveli ulilia. Tulidhani tunamlilia yule mrembo wa kwenye picha."

"Mrembo ni wa kaskazini," alisema Poongodi. "Kitamili anajua 'asante' tu. Na hiyo nayo anaikosea."

Miaka saba alikuwa akiwakodisha warembo wa filamu sauti yake, na katika miaka hiyo yote hapana mtu aliyewahi kumtambua barabarani. Atamtambuaje? Sura yake haikuonekana, jina lake halikuandikwa. Leo ametambuliwa kwa kuomba mchuzi! Alijitia kununa, lakini wali aliula bila kujua ladha yake.

Kijana akasema anaitwa Ilango, msaidizi wa tatu wa mwongozaji filamu.

"Msaidizi wa tatu anafanya nini?"

"Anamshikia mwavuli msaidizi wa pili."

Poongodi akacheka mpaka mchuzi ukampalia.

Basi zikaanza simu. Ilango alipiga asubuhi kabla hajapiga mswaki, akapiga mchana kutoka kwenye chuo cha Coimbatore walikokuwa wakipiga filamu ya mapenzi ya wanafunzi, akapiga jioni kumsomea maneno aliyokuwa akiyaandika. Kwa bahati msaidizi wa pili alikuwa ameugua manjano, na mwongozaji akamtupia Ilango kazi ya kuandika mazungumzo.

"Mboni yangu, sema kitu nilale."

"Ilango, unanipenda mimi au unalipenda koo langu?"

"Koo lenyewe linakaa kwa nani? Si kwako? Nikilifuata koo, si nitafika tu?"

Yeye alikuwa mwepesi wa maneno. Poongodi, ambaye kazi yake ilikuwa maneno, kwa Ilango alikuwa bubu. Alikuja kulisema lake la moyoni siku Ilango aliporudi kutoka Coimbatore kwa mapumziko, wakiwa wamejibanza na mvua kwenye kituo cha treni cha Kodambakkam, sari yake ya kijani imelowa hadi magotini.

"Neno hili nimelisema mara mia mbili," alimwambia akitazama reli, "na kila mara aliliandika mtu mwingine. Kwako linanikwama. Tufanye hivi: nikikuuliza 'umekula?', ujue ndilo hilo."

Ilango alisogea karibu. Alimshika kidole kimoja tu, kidole cha mwisho, na treni mbili zikapita bila wao kupanda.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao. Umekula? Nimekula. Na wewe, umekula? Waliowasikia walidhani ni watu wa tumbo.

Filamu ilipokamilika kupigwa, Poongodi akaitwa kumtilia sauti Yazhini, mwanafunzi anayependwa katika filamu hiyo. Aliingia kwenye kile chumba kidogo kisicho na dirisha, akavaa vifaa vya masikioni, na Deva, fundi wa sauti, akaiwasha picha. Geti la bweni la wasichana. Mvua. Yazhini, amevaa nguo ya rangi ya waridi na shali nyeupe, midomo inamtetemeka mbele ya kijana wake. Poongodi akainua karatasi asome.

"Neno hili linanikwama. Tufanye hivi: nikikuuliza 'umekula?', ujue ndilo hilo."

Akasoma tena. Akaishusha karatasi.

"Hapo, Poongodi, ndipo ulipo moyo wa filamu!" sauti ya mwongozaji ilimjia masikioni, imejaa furaha. "Mwezi ujao kwenye kila chuo cha nchi hii watakuwa wanaulizana 'umekula?' Yule kijana wetu Ilango kaandika. Jina lake litatokea kwenye skrini, peke yake."

"Koo limekauka, bosi," alisema Poongodi. Akachukua pochi yake akaenda zake.

Simu ya Ilango aliiacha ilie mara kumi na tisa. Ya ishirini akapokea.

"Poongodi, umeku—"

"Thubutu umalize!"

Akahamishia simu sikio la pili.

"Ilango, mimi nina maneno mangapi ya kwangu? Asubuhi nalia kilio cha mtu, jioni nacheka kicheko cha mtu. Nilikuwa na neno moja langu. Moja tu! Nikakupa wewe. Wewe ukalipeleka sokoni."

"Sijawahi kusikia neno zuri kama lile. Nilishindwa kulinyamazia."

"Lilikuwa zuri kwa kuwa lilikuwa la watu wawili."

Akakata simu. Kisha akalia, kilio kibaya chenye kamasi, ambacho mwongozaji yeyote angekikataa. Alichokililia hasa hakikuwa lile neno. Ni kwamba alimwuliza kwa utani kama anampenda yeye au koo lake, na sasa aliogopa jibu.

Siku ya tatu ikaingia simu kutoka kwa Deva.

"Dada, njoo huku, kumeharibika. Ilango kayakana maneno yake mbele ya watu. Anasema si yake, kayaiba, yatolewe. Bosi kamwambia, 'Yakitoka, na jina lako linatoka.' Na yeye kajibu, 'Litoke.'"

"Kasema hivyo?"

"Kwa kinywa chake. Na mama yake kule kwao keshawatangazia mtaa mzima kwamba jina la mwanawe litatokea kwenye skrini."

Poongodi alivaa sari ya rangi ya manjano iliyoiva, akachomeka asumini kichwani, akajiambia kwamba asumini si kwa ajili ya mtu. Alimkuta Ilango sakafuni studio, amezungukwa na karatasi, macho mekundu. Picha ilikwisha pigwa, midomo ya Yazhini inakwenda, na mwongozaji alitaka kabla ya jioni maneno mengine yatakayoingia kwenye midomo ile.

"Umepata nini?" aliuliza Poongodi bila salamu.

Ilango akasoma kwa aibu. "'Moyo wangu ni maktaba, na wewe ndiwe kitabu.'"

"Na kikicheleweshwa, faini kiasi gani?"

"Rupia mbili kwa siku," alijibu Ilango kwa sauti ndogo, na Poongodi, ambaye hakuja kucheka, akacheka. Kisha akakumbuka kwamba amenuna.

"Deva, rudisha picha. Huyu mwigizaji siku ya kupiga picha alisema nini hasa?"

"Alisahau maneno, dada. Akahesabu. Moja mpaka kumi, kwa lugha ya kwao."

Poongodi aliitazama ile midomo mara tatu. Kisha akaingia kwenye kile chumba kidogo, akafunga mlango, akahesabu kwa Kitamili. Moja, mbili, tatu, kama msichana anayejikusanyia ujasiri. Ilipofika saba akameza mate. Kumi ilitoka kama pumzi tu, na aliyeisikia alijua kwamba baada ya kumi binti huyu hana tena pa kukimbilia.

Mwongozaji akavua vifaa vya masikioni.

"Imetoka," alisema. "Kaandika nani?"

"Hapana aliyeandika, bosi."

"Basi skrini itakaa bila jina."

Ilango aliitikia kwa kichwa, akakusanya karatasi zake, akatoka. Poongodi akamkuta kwenye ngazi za nje, jua la saa kumi limempiga usoni, mwongozaji mtarajiwa asiye na jina.

"Mama utamwambia nini?"

"Kwamba mwanawe ni mwizi, lakini amerudisha."

Poongodi akakaa ngazi ya chini yake. Lile "umekula?" lilikuwa limekwisha kukanyagwa na watu, hakutaka tena kulipitia. Ilibaki njia moja tu, na ilikuwa wazi kabisa, nayo ilimtia hofu.

"Nakupenda," akasema.

Haikutoka vizuri. Ilitoka nyembamba, imekwaruza, ikakatika katikati. Deva angemtaka arudie mara kumi. Ilango alifunika uso kwa viganja na mabega yakamtikisika.

"Mbona husemi kitu?"

"Naogopa. Sauti hiyo sijawahi kuisikia. Nikiikumbuka sana, nitaiandika."

"Mkono unakuwasha?"

"Mno."

"Basi andika majina mawili kwenye kadi ya harusi, ukampelekee mama," alisema Poongodi. "Na la kwangu liwe kubwa. Miaka saba, Ilango, sijaliona limeandikwa popote."