Pedi Isiyooshwa

Katika mraba wa kwanza aliong'arisha, Dhanraj Sookoo aliiona karakana nzima ndani ya mng'ao wa boneti la gari: pipa la maji, rafu ya chupa, mlango wa bati uliofunguliwa nusu, na baiskeli iliyoegemea ukuta. Aligeuka kuchukua kitambaa. Pipa lilikuwepo, rafu ilikuwepo. Baiskeli haikuwepo.

"Profesa," Cuthbert alimwita kutoka nje, "gari halisomwi. Linasuguliwa."

"Nalikagua tu, bosi."

"Likague mkono ukienda."

Dhanraj alikuwa mtu wa vipimo. Kwa miaka ishirini na sita alipima utamu wa juisi ya miwa katika maabara ya kiwanda cha sukari, mpaka kiwanda kikafungwa, na hakuwahi kuandika kitu asichokiona. Alijiambia ni uchovu wa macho. Akatia matone manne ya dawa kwenye pedi, sifongo la duara la mashine ya kung'arishia, akawasha mashine.

Alikuwa na wiki tatu tu katika kazi hii. Cuthbert, jirani yake mwenye karakana pale mjini Debe, ndiye aliyekuja kumtoa nyumbani baada ya mwaka na zaidi wa kujifungia. "Mkeo alikuwa ananiletea giligilani kila Jumamosi," alimwambia akiwa mlangoni. "Siku nikikutana naye huko aliko, nimwambie nilikuacha uoze humu?" Akampa boneti bovu la kujifunzia, na sheria. Pedi ilale sawasawa. Usikae mahali pamoja, kwani vanishi ya juu ni nyembamba kuliko karatasi, na ikishaungua haina kiraka. Kingo zifunike kwa tepu. Chukua eneo dogo, pita mara nne, futa, mulika taa, tazama. Na sheria aliyoirudia kila asubuhi kama sala: pedi iliyogusa gari hili isiguse lile kabla haijaoshwa. "Pedi inabeba," alisema Cuthbert. "Mchanga wa huyu unakuwa mikwaruzo ya yule."

Gari hili jeupe lilikuwa la kwanza kuachiwa peke yake. Lilikuwa la Boysie Lalla, mkandarasi, na lililetwa Alhamisi na mfanyakazi wake. Jumapili lingempeleka mwanawe Vishan nyumbani kwa bibi harusi. Lalla alitoa agizo moja kwa simu: kwenye kona ya kushoto ya boneti kuna alama ya unga mwekundu, isiguswe.

Alama kama hiyo, unga uliokorogwa na mafuta ya haradali, kila Mhindu wa Debe huipaka gari jipya linapobarikiwa, na hakuna anayeiosha. Huachwa iishe yenyewe. Lakini gari hili halikuwa jipya, na alama yake ilikuwa imerudiwa tabaka juu ya tabaka, nene kama kigaga cha kidonda. Cuthbert, ambaye ni mtu wa kanisa, angeizunguka tu kwa mashine. Dhanraj aliiheshimu. Aliifunika kwa tepu, akaibana vizuri kwa kidole gumba.

Mraba wa pili ulipong'aa, baiskeli ilikuwa imesogea. Haikuegemea tena ukuta; ilisimama yenyewe kando ya pipa, na kikapu chake cha mbele kilikuwa kimejaa majani mabichi.

Cuthbert aliingia akivuta pua. "Nani anakata giligilani humu ndani?"

"Hakuna."

"Inanuka kama bustani iliyokanyagwa." Alizunguka gari, akafungua mlango mmoja, akaufunga. Hakuutazama mraba uliong'aa. "Mkandarasi anabeba mboga siku hizi? Haya, endelea. Usinichomee kingo."

Dhanraj aliendelea. Mke wake, Dularie, aligongwa na gari lisilojulikana miezi kumi na minne iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kona ya mfereji, akipeleka mafungu ya giligilani sokoni kwa baiskeli. Walimkuta na kandambili moja. Polisi walimwonyesha Dhanraj kipande cha rangi kilichokwama kwenye baiskeli, saizi ya ukucha, rangi ya divai. Alikitazama kwa muda mrefu kama alivyokuwa akitazama sampuli. Baada ya hapo jalada lilinyamaza.

Katika mraba wa tatu mashine ilianza kutoa mlio ambao si wake, mlio mwembamba uliojificha chini ya mngurumo, kama kengele ya baiskeli inayopigwa na mtu asiye na haraka, na kila Dhanraj alipopunguza mwendo kengele ilipungua, na alipoongeza iliongezeka, na harufu ya majani yaliyopondwa ikawa nzito kiasi cha kumkaa kooni, na jasho likamtoka ingawa feni ilikuwa ikimpulizia mgongoni, mpaka akaona, bila kuinua macho, kwamba ndani ya weupe ule unaong'aa mguu wake mwenyewe haukuwa peke yake, kwamba pembeni yake kulikuwa na mguu mwingine, wa kike, wenye matope mpaka kifundoni, na mguu huo haukuwa na kandambili.

Akazima mashine. Akafuta dawa. Dularie alikuwa amesimama begani kwake.

Hakugeuka, alijua angekosa kumwona. Alimtazama palepale kwenye boneti. Nywele zilikuwa zake, kovu la kidevuni lilikuwa lake. Lakini uso haukuwa wa mtu aliyekuja kuaga. Ulikuwa uso wa mtu aliyewekwa foleni akapitwa na wote. Aliinua mkono, akaonyesha kona ya kushoto.

Dhanraj alishika ncha ya tepu, akaibandua polepole, kama alivyofundishwa. Alama nyekundu ilitoka nayo, na chini ya alama ukatoka utando wa rangi nyeupe, laini kama ngozi ya yai la kuchemsha. Palipobaki wazi palikuwa na rangi ya divai.

"Bosi," aliita. "Njoo."

Cuthbert aliinama, akapitisha ukucha kwenye ukingo. "Hii imepakwa juu juu. Hawakusugua hata rangi ya chini. Mtu alikuwa na haraka ya…" Na yeye aliijua rangi ile; Debe nzima iliijua. "Dhanraj. Nenda kaa nje."

"Nimekaa vya kutosha."

Lalla alifika saa kumi, akitaka kuliona gari lake, akapiga kelele kutoka mlangoni kama mtu mwenye furaha. Alipomwona aliyeshika mashine, furaha ilimwishia. Lalla huyu ndiye aliyekuja msibani kwa Dularie na magunia ya mchele, akasimamisha turubai kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaona kona ya boneti.

"Irudishe," alisema kwa sauti ndogo. "Dhanraj, ndugu yangu, irudishe hiyo alama."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Hujui unachokifungua. Kila alfajiri mkeo alikuwa anapiga kengele uani kwangu. Mke wangu aliacha kula. Mganga ndiye aliyemfungia chini ya rangi. Alisema alama ikitoka…"

"Boysie. Nani?"

Lalla alitazama sakafu. "Vishan. Alitoka kwenye starehe zake, alikuwa amechoka. Ni mtoto, Dhanraj."

"Ana miaka ishirini na saba," alisema Cuthbert.

"Alisimama?" Dhanraj aliuliza.

Kengele ililia mara moja, safi kabisa, na mashine ilikuwa imezimwa. Wote watatu waliisikia.

Dhanraj alizungumza taratibu, kama anayesoma matokeo. "Mpeleke polisi mwenyewe. Kabla ya saa sita mchana kesho. Ukifanya hivyo, nitamwomba Dularie ashuke garini. Mimi atanisikia."

"Naapa," Lalla alisema, machozi yakimtoka. "Kwa kichwa cha mama yangu." Akaondoka na gari, na mraba ule mmoja wa rangi ya divai ukaenda nao barabarani.

Jumamosi saa sita ilipita bila habari yoyote ya polisi. Saa saba lilifika gari jeusi, refu, la kukodisha harusini. Magari ya mwenye biashara hiyo yote hung'arishwa kwa Cuthbert. Dereva alikuwa mchangamfu.

"Harakaharaka, jamani. La kesho hili, la kwa Lalla. Amebadilisha dakika ya mwisho. Lile lake jeupe limeungua jana kwenye shamba la miwa, halikubaki hata bolti. Hitilafu ya umeme, anasema. Bahati mbaya ya watu wengine, sisi tunapata kazi."

"Nani ataendesha?" Dhanraj aliuliza.

"Mwenyewe Lalla. Hataki mtu mwingine garini zaidi ya mwanawe. Mnyonge wa watu, anatetemeka kama bibi harusi ni yeye."

Dereva alipoondoka, Cuthbert alisema, "Bado una ile tepu. Ina rangi zote mbili. Ipeleke polisi."

Tepu ilikuwa kwenye kisanduku cha kiberiti, mfukoni mwa shati. Dhanraj aliigusa. Alifikiria jalada, na kaunta, na kijana wa kaunta ambaye angemwambia aandike barua. Kisha akaitazama rafu. Pedi ya jana ilikuwa palepale alipoiacha, imekauka, na katikati yake palikuwa na vumbi jeupe na wekundu hafifu, ingawa haikuigusa ile alama. Hiyo na tepu ndivyo vilivyobaki vya gari lile.

Akaibandika kwenye mashine.

Cuthbert alinyoosha kidole kwenye pedi. "Hiyo umeiosha?"

"Bado."

Feni ilizunguka. Cuthbert alichukua kofia yake. "Mimi naenda kununua mikate ya njegere," alisema. "Kuna foleni. Nitachelewa."

Dhanraj aling'arisha gari jeusi lote, paneli kwa paneli, pita nne, futa, tazama. Hakuchoma ukingo hata mmoja. Alipomaliza aliinama kwenye mlango wa nyuma, mahali bwana harusi atakapokaa. "Bibi harusi hana hatia," alinong'ona. "Watakapokuwa wanakwenda, si watakapokuwa wanarudi naye. Umenisikia, Dula?"

Ndani ya weusi ule, kitu cha kijani kilitikisika.

Jumapili msafara ulipita mbele ya karakana, ngoma za tasa, zile za harusi za Kihindi, zikitangulia kwenye gari la mizigo, watoto wakikimbia pembeni. Gari jeusi lilipita taratibu sana. Kwenye mlango wake Dhanraj aliona barabara, na watu, na yeye mwenyewe mkono kifuani. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Dularie alikuwa ameshaingia garini. Nyuma ya kioo, Vishan, taji la maua na shanga likimning'inia usoni, alikuwa amejibana kwenye mlango kama abiria anayempisha mwenzake, na alikuwa amefunika pua. Kwenye usukani, Lalla aliangalia kioo cha ndani, akaangalia tena, na hakuangalia barabara.

Wakaenda kuelekea kona ya mfereji. Dhanraj alihesabu. Kengele ililia kwa mbali, na ngoma zikakatika, si zote pamoja, moja baada ya nyingine, kadiri wapigaji walivyogeuka kutazama nyuma.

Mfereji ule gari lilimotumbukia una kina cha kiuno tu. Baba na mwana walitolewa wakiwa wamekufa, na milango haikuwa imekomewa.

Usiku Dhanraj aliosha pedi. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili yakatoka rangi ya divai, ya tatu safi. Hata hivyo aliichoma. Kwa wiki mbili alimtafuta Dularie katika kila gari aliloling'arisha, kwenye milango, kwenye vifuniko vya tairi, na hakumwona. Harufu pia iliondoka. Alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Cuthbert akamwacha alie.

Wiki ya tatu mwalimu mmoja wa shule alileta gari la kijivu. Dhanraj alifungua pedi mpya, ndiyo kwanza inatoka kwenye karatasi yake. Akapita mara nne, akafuta, akamulika taa.

Pipa la maji. Rafu ya chupa. Mlango wa bati uliofunguliwa nusu. Na mlangoni, maji yakimchuruzika, kijana aliyevaa taji la bwana harusi.

Dhanraj aliitazama pedi. Ilikuwa nyeupe, haina doa. Kisha akaitazama mikono yake, kwa muda mrefu, kama sampuli.

Akahamia mraba wa pili. Kijana alikuwa kando ya pipa.