Pengo la Mzee Kamande

Ngazi za umeme za stesheni ya Wheaton, nje kidogo ya Washington, ni ndefu kuliko ndoa za siku hizi. Ukizipanda una muda wa kumsengenya mtu, kutubu, na kumsengenya tena. Na sheria ya pale kila mtu anaijua: anayesimama asimame kulia, kushoto waachiwe wenye haraka.

Jumamosi hiyo watu walikuwa wanatoka kwenye treni kuelekea madukani kama siafu waliomwagiwa maji. Nyaguthii alikuwa na haraka. Mbele yake, upande wa kushoto kabisa, alisimama mwanamume mrefu kama nguzo ya stima, wala hatikisiki.

Nyaguthii alikuwa na simu sikioni. Alivaa gauni la kitenge cha samawati lililombana pale panapostahili kubanwa, na chini yake viatu vyeupe vya kazi, maana jioni alikuwa na shifti kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa anaongea na Aketch, muuguzi mwenzake.

"Aketch, nitachelewa. Kuna jamaa hapa ameziba njia kama ng'ombe wa barabarani."

"Msukume."

"Nimsukume vipi? Ana mabega kama kabati. Na suti yake ya rangi ya haradali, shingo imenyolewa safi, kiatu kinang'aa... Ng'ombe mwenyewe ni wa maonyesho ya kilimo."

Ng'ombe akageuka. Akavua kofia.

"Shikamoo, dada. Naomba radhi kwa kuziba njia."

Simu ilitaka kumponyoka Nyaguthii. Kwao Othaya, Kenya, shikamoo si salamu ya kila siku, lakini alijua huamkiwa nani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hakuhitaji kuongezewa.

"Shikamoo mimi? Unaniona nyanya yako?"

"Mwalimu wangu chuoni alisema ni neno la heshima. Naitwa Atiba. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Washington. Kiswahili changu ni cha vitabuni."

"Kinasikika. Kina vumbi la maktaba."

"Basi kipanguse."

"Nyaguthii!" Aketch akapiga kelele ndani ya simu. "Ng'ombe anaongea?"

Walipofika juu, Atiba alikuwa na namba ya simu. Usiulize aliipataje. Ngazi ni ndefu.

Wiki iliyofuata wakala pupusa kule Riverdale Park, ile mikate ya mahindi ya Wasalvador yenye maharage tumboni. Hapo ndipo Nyaguthii alipomtaja baba yake. Mzee Kamande alikuwa amefariki, na mwaka tangu afe ulikuwa unakaribia kutimia. Maisha yake yote ya Marekani alipiga gitaa la stili kanisani, lile linalolazwa mapajani kama mtoto mchanga, kisha kipande cha chuma kinateleza juu ya nyuzi mpaka zinalia kama mtu. Alijifunza Othaya kwa nyimbo za kantri za redioni, akitelezesha mgongo wa kisu cha mezani. Mama yake akakosa kisu cha siagi, kanisa likapata mwanamuziki.

"Hata matanga hayajaisha," Nyaguthii alisema, "wanaume wawili wakaja kutaka kulinunua. Wamekunywa chai yetu, wamelia machozi, halafu wanauliza, hilo gitaa mtalifanyia nini? Nikawafukuza. Mtu akiligusa naona kama anamvua baba koti."

Atiba alikuwa amefungua mdomo. Akaujaza pupusa.

Sababu ni hii. Siku za wiki Atiba alikuwa fundi wa viyoyozi. Jumapili asubuhi, katika kanisa la nyanya yake, alikuwa mpiga gitaa la stili. Sasa angelisemaje, na mtoto wa watu ameshakasirika? Akajiambia atasema kesho. Kesho ya mwanamume inajulikana.

Simu zikaanza.

"Mpenzi wangu wa dhati, umeamkaje?"

"Atiba, acha kuongea kama taarifa ya habari."

"Nyinyi husemaje?"

"Sisi husema, babe, umekula?"

"Babe, umekula?"

"Bado."

"Nakuletea."

Mwanamume akiuliza kama umekula, huo ni upole. Akisema nakuletea, jifunge mkanda. Alimletea supu ya kuku kazini, ndani ya chupa ya chai, na wale wazee wanaotunzwa pale Hyattsville wakamshauri amwoe kabla supu haijapoa. Nyaguthii akaanza kupaka rangi ya midomo kwenda kubadilisha mashuka.

Basi akamwalika Atiba kanisani kwao.

Kanisa lao hukodi jengo la Wamarekani, kwa hiyo ibada huanza saa nane mchana, wenye jengo wakishaenda kula. Mbele kabisa kilikuwapo kiti cha mzee, koti lake la kahawia limetundikwa mgongoni, na gitaa kando yake limefunikwa kitambaa cheupe. Katika wimbo wa kufunga ibada, mwisho wa kiitikio, kuna mahali ambapo stili ya mzee ilikuwa ikiwajibu waimbaji. Tangu afe, mahali pale waliacha wazi. Nyaguthii, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyeagiza. Kinanda kinanyamaza, ngoma inanyamaza, hata wale watoto wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza walijua kunyamaza. Wakapaita pengo la mzee.

Hakuna aliyemwambia Atiba. Alikaa nyuma na suti yake ya haradali. Pengo likafika. Kwao, kwa nyanya yake, mwimbaji akiita asipojibiwa ni kama kumsalimu mtu akageuza uso. Koo la Atiba likajibu lenyewe: mmmm, sauti ikapanda, ikateleza, ikashuka taratibu, stili tupu.

Shingo zote zikageuka. Katika safu ya kwanza Mama Nyaguthii, mjane wa mzee, akafumbua macho.

"Ni nani huyo?"

Wakati wa chai Audrey alikuwa na jibu. Audrey kanisani hupokea wageni na habari zao. "Nyaguthii, huyu si mgeni wako? Hebu ona kwenye simu yangu anavyopiga." Ilikuwa suti ile ile, na gitaa la stili mbele yake.

Nyaguthii akamfuata Atiba kwenye maegesho ya magari.

"Kumbe unapiga stili."

"Ndiyo. Nilitaka kukwambia..."

"Wawili wa kwanza walikuja na rambirambi. Wewe wa tatu umekuja na supu."

"Sikutaka gitaa, Nyaguthii."

"Basi ulitaka kiti."

"Nilikutaka wewe! Niliogopa kulitaja tu, ulivyosema siku ile..."

"Kwaheri, Atiba. Hiyo nayo si ulifundishwa chuoni?"

Atiba akapiga simu jioni ile. Akapiga kesho yake. Nyaguthii akailaza simu kifudifudi kama mtoto aliyekosa adabu.

"Pokea, ama nipokee mimi," Aketch akamwambia kazini. "Mimi baba yangu hakupiga hata filimbi. Sina kesi na mtu."

Nyaguthii hakucheka. Usiku na mchana alijiuliza jambo moja: akimruhusu mtu huyu aingie, baba atabaki wapi?

Ni mama yake aliyeanza, wakimenya viazi vya kupondea mukimo jikoni.

"Yule wa kuguna mbona haji?"

"Mama, alikuwa anataka gitaa la baba."

"Alisema?"

"Hakusema. Ubaya uko hapo."

"Baba yako alinichumbia bila kusema ana pengo la jino. Alikuwa anacheka mdomo umefungwa, mimi nikidhani ni adabu. Nilipoliona nilikuwa nimeshapenda." Mama akaweka kisu chini. "Sasa na mimi nikuulize. Nani alikwambia ninakipenda kile kimya?"

"Ni heshima ya baba."

"Ya baba yako, sawa. Mimi kila Jumapili pale ninafiwa upya. Mnaniacha peke yangu na kiti na koti. Yule alipoguna, kwa mara ya kwanza nilimsikia mzee. Siku nyingine zote husikia tu kwamba hayupo."

Nyaguthii alikuwa ameshika kiazi. Alikimenya mpaka kikabaki kama kokwa ya zabibu.

Jumapili asubuhi akaenda kwenye kanisa la nyanya yake Atiba, lile aliloliona kwenye simu ya Audrey. Akajificha nyuma ya mama mmoja mwenye kofia pana kama sinia. Atiba alikuwa mbele na gitaa lake, jipya, linameremeta, lina nyuzi nyingi kuliko lile la marehemu. Nyaguthii alitaka kucheka. Mwizi gani huyu wa sufuria, mwenye sufuria kubwa kuliko ya mwenye nyumba?

Akainuka mama mmoja kushuhudia. Alikuwa amemzika mwanawe. Katikati ya sentensi sauti ikamkatika, akabaki amesimama. Atiba akainama. Stili ikaipokea ile sentensi ilipoangukia, ikaibeba polepole, ikamngoja yule mama, mpaka akapata pumzi akamalizia mwenyewe. Nyuma ya ile kofia Nyaguthii alikuwa analia, rangi ya midomo imefika kidevuni.

Ibada ilipokwisha akamngoja mlangoni.

"Shikamoo, Atiba."

Atiba akashtuka, kisha meno yakatoka. "Mimi si babu yako."

"Ni heshima. Nimekukosea."

"Mimi pia. Ningesema siku ile ya pupusa."

"Mdomo ulikuwa umejaa."

"Niliujaza kwa makusudi."

"Jumapili ijayo tunamkumbuka baba, anatimiza mwaka. Njoo. Na uje na gitaa lako."

Akaja. Hakukisogelea kile kiti. Aliweka lake upande wa pili, mbali na koti. Mchungaji Kipngetich akaomba, kwaya ikasimama na sare za zambarau, wimbo ukaanza, na stili ya Atiba ikaingia taratibu kama mgeni anayevua viatu. Kiitikio kikafika mwisho. Pengo likafika.

Atiba akainua mkono, nyuzi zikanyamaza.

Kanisa zima likamtazama. Yeye akamtazama Nyaguthii. Nyaguthii akaona mama yake pale safu ya kwanza, amefumba macho, ameushika mkoba wake kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Basi yeye aliyeagiza kimya ndiye aliyekivunja. Akaliguna lile jibu la baba yake, noti za kwanza, sauti inakwaruza. Mama akadakia. Audrey akadakia. Mara kanisa zima, mpaka watoto, likawa linaliguna jibu la Mzee Kamande, kumbe mwaka mzima kila mtu alikuwa amelibana kooni. Hapo ndipo Atiba alipoingia, chini kabisa, kama anayeshika kapu kwa kitako lisipasuke.

Mama akaenda akalipapasa lile koti. "Umesikia, Kamande? Wamekuharibu kidogo, lakini ni wewe."

Majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, wapenzi wawili walikuwa wanapanda ngazi za Wheaton. Nyaguthii kulia, Atiba kushoto.

"Sogea, mpenzi. Unaziba njia tena."

"Nina neno, na siwezi kulisemea kisogoni." Akavua kofia. "Nyaguthii, kiti cha baba yako sikitaki. Nataka kilicho kando yako. Nikuoe?"

"Umeongea na mama?"

"Nimemwamkia, akaniuliza mbuzi wa mahari. Mbuzi nitawatoa wapi Maryland?"

"Kuna bucha Riverdale. Jipange."

"Hiyo ni ndiyo?"

Nyuma yao Mmarekani mmoja akaomba njia, kisha akaomba tena kwa ukali. Nyaguthii hakugeuka. Aliukamata mkono wa Atiba, wakasimama bega kwa bega, ngazi nzima ikazibika.

"Ndiyo. Na huyo mwambie angoje," alisema. "Mimi nimengoja mpaka nikaamkiwa shikamoo."