Bomba Lililovuliwa Nguo

Fundi Spana na mkewe walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha vinywaji. Mke alikagua chupa zilizooshwa. Mume alitunza mabomba, likiwemo la maji moto lililopinda kona juu ya meza ya mkewe. Wenzao walisema bomba lile lina lake jambo, linamchungulia mke wa mtu kutwa.

Tangu pampu iongezwe kasi ili chupa zioshwe upesi, kona ile ilianza kutoka jasho. Mitambo iliposimamishwa, Spana akaifungua, akachungulia. Ndani inang'aa kama kijiko kipya. Alifunzwa na mafundi walioamini kuwa bomba linalong'aa ni bomba zima, basi akamwambia mkewe asiwe na hofu, anairudisha.

"Hebu ngoja, shemeji," akasema mkaguzi wa mabomba. Alikuwa mdogo wa mke wa Spana, na kwa utani hana breki. "Kwingine ndani kukoje?"

"Kweusi. Kuchafu."

"Huo weusi ndio nguo ya chuma. Ni utando wa kutu nyembamba, unakikinga kisiliwe. Maji yakienda mbio, tena yana mchanga, yakifika konani yanajigonga na kuuchubua. Chuma kinabaki uchi. Kinashika kutu nyingine, nayo inachubuliwa. Na kila nguo mpya, shemeji, kinaikata kwenye nyama yake."

Akaweka kipimo cha unene. Paliponyooka, chuma kilikuwa kizima. Konani kilibaki chembamba kama kopo la maziwa.

Spana akaitazama kona, kisha mkewe. Maji ya moto yale, na kichwa kile anachokijua kila unywele. Yeye mwenyewe aliibeba meza ya mkewe, akaipeleka upande wa pili. Wenzao wakacheka.

"Tangu unioe hujanisogezea hata kigoda," mke akasema. "Kumbe nilikuwa nasubiri bomba lioze."

Hawakutia kiraka, maana kiraka cha kuchomelea huacha uvimbe ndani, ukazidi kuyavuruga maji. Walifunga bomba pana zaidi, ili maji yatoshe bila kukimbizwa, na kona isiyopinda ghafla, ya chuma kigumu. Pampu ikapunguzwa kasi, chujio la mchanga likawekwa. Unene sasa hupimwa kila matengenezo, hata kama hakuna tone linalovuja.

Mpaka leo vipimo havijashuka. Mke aliambiwa arudi mahali pake, akakataa. Alikohamia kuna dirisha. Kwa hiyo Spana huzunguka njia ndefu kumsalimia, na akiulizwa husema anakagua bomba. Huko hakuna bomba hata moja.