Kiti Kando ya Dirisha

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka 2012, Henriette alikunywa chai na mkate wa siagi, akamwacha binti yake Glody kwa jirani, akafunga saluni yake ya Cato Manor, Durban. Siku ilikuwa shwari. Jua la baridi liliwaka na nguo zilikuwa zimeanikwa kila ua. Henriette tunamjua wote: anaweza kusuka kichwa kizima, kuanzia asubuhi hadi jioni, asifunge mdomo. Na kazi aliyopewa siku hiyo, masikini, ilikuwa ya kufunga mdomo.

Mumewe Bhekani, Mzulu, mpakiaji wa mizigo bandarini, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori upande wa Bluff, hapo hapo bandarini, mwaka uliotangulia, akafa papo hapo. Mwili ulizikwa kwao, katika wilaya ya mashambani kusini, mwendo wa saa tatu. Lakini kwa desturi ya kwao, roho ya mtu aliyefia ugenini hubaki pale pale alipoangukia, mpaka nduguye amfuate na tawi la mlahlankosi, mti wa miiba, amrudishe nyumbani. Anayeshika tawi hasemi na mtu aliye hai. Husema na marehemu tu, humweleza kila kona na kila mto, na marehemu hulipiwa kiti chake kama abiria mwingine.

Wilaya yenyewe ina historia fupi, na inauma. Wazungu walichukua mabonde wakapanda miwa. Wenyeji wakasukumwa vilimani kwenye mawe. Serikali ziko mbili. Manispaa huleta mabomba ya maji, na mara nyingine hata maji yenyewe. Ardhi, hata hivyo, ni ya chifu, na anayeigawa kwa niaba yake ni mzee wa eneo wanayemwita induna. Uchumi? Miwa ya watu wengine, pensheni za wazee, na vijana wanaopelekwa Durban kutafuta kazi. Wengi wao hurudi ndani ya jeneza.

Huko ndiko Henriette alikotaka kiwanja. Mwaka 2008, watu walipowageukia wageni kama yeye, alitolewa chumbani kwake akiwa na gauni la kulalia. Tangu hapo alitamani kitu kimoja tu: mahali ambapo hakuna atakayemwambia toka. Induna hakukataa. Alisema, "Siwezi kumpa mjane kiwanja wakati mwenye nyumba bado yuko njiani. Mlete kwanza."

Bhekani hakuwa na kaka, basi tawi likamwangukia mkewe. Mama mkwe, MaCele, akaja kumsindikiza ili azungumze na walio hai kwa niaba yake.

Pale Bluff, mahali lori liliposimama, Henriette aligusa lami kwa tawi. "Bhekani, woza," akanong'ona kwa Kizulu. Njoo. "Siya ekhaya." Tunaenda nyumbani.

Walipanda taxi, basi dogo la abiria. MaCele alikaa mbele na dereva kwa sababu ya miguu yake mibovu. Henriette akakaa nyuma kabisa, na kushoto kwake, kando ya dirisha, kiti cha marehemu. Mto wa kwanza alimwambia. Kona ya pili alimwambia. Lakini Kizulu chake kilikuwa cha saluni: bei, nywele, kaa vizuri. Hakikuwa na maneno ya msiba. Kabla ya mto wa tatu kikamwishia.

Aliogopa kunyamaza. Aliambiwa marehemu asiposikia sauti hushuka njiani. Akaendelea kwa Kiswahili, lugha aliyoizoea kulilia tangu utotoni.

"Sasa tunavuka maji, baba. Shika tawi. Usibaki nyuma. Miye niko hapa."

Tawi likawa zito.

Alidhani ni mkono kuchoka. Akalihamishia magotini. Abiria mmoja, mama aliyeketi mbele tu ya kile kiti kitupu, akageuka kwa hasira, akajishika mgongo kama aliyesukumwa na goti. Akatazama kiti. Akamtazama Henriette. Akageuka mbele, hakugeuka tena.

Kisha ikaja harufu. Majani ya migomba, yaliyoloa mvua.

"Henriette." Sauti ilitoka kiti cha dirishani, taratibu. "Tuko tunaenda wapi?"

Kiswahili cha Bhekani kilikuwa neno moja tu, "karibu", na alilitumia hata kuaga.

Sauti ile aliijua. Urbain, mume wake wa kwanza, mkulima. Walikuwa wakikimbia vita huko Kivu, mwaka 2004, alipopigwa risasi kwenye njia ya msituni. Hapakuwa na muda wa kuzika. Henriette alimfunika kwa majani ya migomba, akamwinamia sikioni. "Ningoje hapa. Nitarudi kukuchukua." Hakurudi.

"Nilingoja," sauti ikasema. "Iko mbali bado?"

Alitaka kupiga kelele. MaCele alikuwa mbele pale, hatua nne tu. Lakini neno moja kwa aliye hai, na tawi linabaki kuni tu. Hakuna marehemu, hakuna kiwanja. Na kumwambia Urbain ashuke? Kumwacha barabarani mara ya pili?

Kiti kilizama kidogo. Machozi yalimtoka Henriette bila sauti.

"Tunakaribia," akasema.

Walipofika, alilaza tawi nyuma ya nyumba ya duara, mahali pa wazee waliokufa, na mwiko wa kusema ukaisha. Induna alikuwa ameketi mlangoni.

"Umemleta?"

"Nimemleta," Henriette akajibu. Hakusema nani.

Mbuzi alichinjwa. Alasiri ile ile induna alipigilia vigingi vinne kwenye kipande cha mlima, ardhi kavu, mawe matupu, haijawahi kulimwa. Henriette alishukuru kwa mikono miwili. Usiku ulipita kimya.

Asubuhi MaCele alimwita kwa kunong'ona. "Njoo uone."

Kiwanja kizima kilikuwa kimelimwa. Matuta makubwa ya duara, jinsi wanavyolima Kivu, mstari baada ya mstari, kutoka kigingi hadi kigingi. Juu ya kila tuta vijiti viwili vya muhogo vimechomekwa kwa kuinamishwa. Vilikuwa vimekatwa punde tu. Utomvu mweupe ulikuwa bado unatiririka. Wilaya nzima hapana shina la muhogo.

MaCele alichuchumaa kwa taabu. Akagusa udongo. Kisha akainua macho, na hayakuwa na hasira, yalikuwa ya mama tu.

"Bhekani hakushika jembe maisha yake yote," akanong'ona. "Binti yangu, mwanangu umemwacha wapi?"

Mihogo ile ilimea yote, hata ile iliyochomekwa juu ya mwamba.