Alama Nyekundu ya Hekaluni

Walikutana mwaka 1967, soko la Darajani likiwa limefurika watu. Kapu la Hamad lilikwaruza sari ya kijani ya Indumati. Alipoomba radhi, binti yule alimwambia kitambaa hakisikii maumivu, ila mwenyewe anasikia. Tangu hapo Hamad, fundi wa nakshi wa Kikwajuni, akawa hapitishi wiki bila kwenda Hurumzi, dukani kwa Mzee Chanchal, baba yake Indumati, kununua vifungo asivyovihitaji.

Asubuhi moja akamwona Indumati akitoka hekaluni, na alama nyekundu kwenye paji la uso. Moyo ulimkatika. Alishasikia kwamba mke wa Kihindu hutiwa rangi nyekundu. Hakuuliza. Kwa miezi miwili, kila Indumati alipompigia simu kwenye duka la jirani yake, Hamad aliagiza aambiwe hayupo.

Kisha mtunza hekalu akamwita atengeneze nguzo iliyoliwa na mchwa. Hamad alivua makubazi mlangoni. Ndani, nguzo kongwe zilijaa tausi, tembo na wacheza ngoma wenye vidole vyembamba kama utambi. Alizipapasa kwa heshima. Kazi ilipokwisha, mtunza hekalu alichovya kidole kwenye unga mwekundu, akamgusa pajini.

"Hii si ya walioolewa?" Hamad aliuliza.

"Ingekuwa hivyo, bwana fundi, ningekuwa nshawaoza watu wa mji mzima. Hii baraka ya kila ajaye. Ya mke hutiwa juu, nywele zinapogawanyika."

Hamad alitoka mbio, miguu mitupu.

Dukani, rafu zilikuwa tupu. Indumati alikaa juu ya sanduku, macho yamevimba. Meli ya kuwapeleka Bombay ilikuwa ing'oe nanga kesho yake.

"Indu, nliona ile alama. Nlidhani umeolewa."

"Mdomo wa kuulizia vifungo unao, wa kuniuliza mimi huna?"

"Nnauliza sasa. Utakubali nikuoe?"

Mzee Chanchal aliinua uso kutoka kwenye kasha alilokuwa akilifunga. Indumati alimtazama baba yake, kisha Hamad.

"Nakubali, roho yangu. Lakini mama mgonjwa, siwezi kumwacha baharini bila wa kumuuguza. Nikishamfikisha, ntarudi."

"Lini?"

"Sijui. Usinidanganye kuwa utangoja kama hutangoja."

"Ntangoja," alisema Hamad, machozi yakimtoka.

 Mzee Chanchal aliwapa kisogo, akaanza kulifungua kasha lile, polepole, kamba moja baada ya nyingine, akarudisha vifungo rafuni.