Kifua cha Gunia

Jibu la masomo ya mtandaoni lilifika saa sita mchana, na dokta Jémima alilisoma mara tatu kabla ya kuita mtu. Video yako imekataliwa, lilisema. Mazoezi ya kufufua hayafanywi juu ya mtu aliye hai. Tafadhali tumia manekeni.

Manekeni! Ile ndiyo ilikuwa manekeni. Hospitali yao ndogo hapa Kolwezi haikuwa na uwezo wa kununua zile za mpira kutoka Ulaya, basi Huguette, muuguzi mkuu wa chumba cha dharura, alichukua gunia la unga, akalijaza vitambaa, akaweka kipande cha tairi kifuani ili kirudi juu kikifinywa, akalishonea kichwa na mikono, kisha akalivalisha ovaroli iliyokuwa imekaa kabatini bila mwenyewe. Ungeliona ungecheka. Uso wenyewe ulichorwa kwa kalamu. Sasa mtu huko mbali, anayesahihisha video za madaktari kwenye kompyuta yake, aone mtu hai wapi?

Jémima angecheka pia, lakini mama yake alikuwa amelala chumba cha tatu. Moyo wa Mama Wivine ulikuwa umechoka, miguu imevimba, pumzi yake fupi. Siku yoyote moyo ule ungeweza kusimama, na daktari wa karibu angekuwa binti yake mwenyewe. Ndiyo maana safari hii alikuwa anasoma. Mwaka jana, tusidanganyane, hakusoma kitu: aliyafungua masomo haya haya ya kufufua kwenye mtandao, akabonyeza mbele, mbele, mbele, maswali akamwachia Huguette ajibu kwa jina lake, na cheti kikatoka. Wangapi hawafanyi hivyo? Lakini mama ni mama. Sasa alisoma kila neno, na kila mchana, wagonjwa wakishakula, alipiga magoti mbele ya gunia. Mara thelathini kifua, mara mbili pumzi, mdomo kwa mdomo, simu ikirekodi.

Wakaiangalia ile video pamoja, yeye na Huguette. Gunia lilikuwa gunia tu. Kisha Huguette akasogeza simu karibu na sikio, akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

“Dokta,” akasema polepole, “weye unapuliza mbili. Mi minasikia tatu.”

Jémima alimwambia ni upepo. Upepo gani, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la malori? Kesho yake akarudia zoezi. Safari hii kulikuwa na harufu, udongo mwekundu uliolowa, kama ule unaotoka kwenye mashimo ya wachimbaji upande wa mgodi wa Mashamba mvua ikinyesha, na huo ulikuwa mwezi wa nane, hakuna aliyeona tone la mvua tangu Aprili. Alipoweka viganja kifuani, vitambaa vilikuwa na joto. Alimaliza hivyo hivyo, akakimbia kunawa.

Alipoingia chumba cha tatu alikuta kipimo cha oksijeni kidoleni mwa mama yake kimeshuka vibaya. Mama Wivine alimshika mkono, akanong'ona.

“Mwana yangu, kuko mwenye ananiwekea mudomo. Haniongezee pumuzi. Anavuta.”

Hapo Jémima aliogopa kweli. Angeacha, yeyote angeacha, lakini siku ya tatu, saa nane kasoro, alipoingia kulitoa gunia lile nje, kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka chenyewe, taratibu, bila mkono wa mtu, na kila kilipopanda alimsikia mama yake akikoroma upande wa pili wa ukuta, na kila kiliposhuka mama alinyamaza, na ukimya ule ulikuwa unarefuka, na harufu ya udongo ikamjaa mdomoni mpaka akahisi mchanga kwenye meno, na alipotaka kurudi nyuma ule mkono wa ovaroli, ulioshonwa kwa vitambaa vitupu, ulikuwa umekwisha kumshika kifundo cha mkono.

Huguette alikuwa amemwita Tata Ngeleka, mzee wa chumba cha maiti, yeye anayewaombea wafu wasio na jamaa. Aliingia na rozari mkononi. Alipoiona ovaroli aliketi chini kabisa.

“Hii nguo niliiweka mi mwenyewe,” akasema. “Ni ya ule krezeri. Ule wa Novemba, wenye shimo ilimuangukia.”

Akawakumbusha. Kijana mchimbaji, hana jina, hana simu, waliomleta walimweka mlangoni wakakimbia. Jémima alikuwa zamuni. Alimfinya kifua dakika chache, mikono ikachoka, akaletwa mama wa uzazi anayetoka damu, akaenda huko, hakurudi. Watu wakambeba kijana kwenda kwa Ngeleka. Katika kitabu saa ya kuingia iliandikwa. Saa ya kufa, hakuna.

“Ulimuachia katikati,” Ngeleka akasema kwa sauti ya chini. “Hakuna mwenye kumuambia kama amekufa. Na sasa kila siku unamupatia pumuzi, naye anafuata. Ya gunia haimutoshe. Anatafuta ya muntu.”

“Nifanye nini, tata? Mama yangu anakufa pale.”

“Maliza kazi yako. Umuambie saa.”

Ngeleka akaanza kuomba, akinyunyiza maji ya baraka. Jémima aliinama juu ya ule uso wa kalamu huku machozi yakimtoka. Nyuma ya ukuta mama yake alikuwa amenyamaza kabisa. Akaangalia saa.

“Saa munane na dakika kumi na mbili,” akasema. “Umekufa, ndugu yangu. Unisamehe. Wende.”

Gunia likatoa pumzi moja ndefu, na kifua kikabonyea. Mkono ukalegea. Upande wa pili mtu alikohoa, kwa nguvu, mara mbili.

Ngeleka alilichoma uani pamoja na ovaroli yake. Jémima alimkuta mama yake amekaa, midomo imerudiwa na rangi, anaomba chakula, bukari na sombe. Akamkumbatia, akalia kama mtoto. Mama Wivine alimwacha alie, kisha akamshika kidevu.

“Ule kijana alipita hapa kuniaga,” akasema. “Mwili muzima udongo, lakini ana heshima. Anasema ile siku, wakati ulimuachia, alikuwa angali anakusikia. Alisikia mpaka miguu yako inatoka. Ni kweli?”

Mwaka jana Jémima angekataa. Lakini sasa alikuwa amesoma, dalili zote za uhai alizijua. Akaikumbuka shingo ya kijana yule, na kitu kidogo kilichokuwa kikipiga chini ya kidole chake, hafifu, alichodhani ni uchovu wa mkono wake mwenyewe.

“Ndiyo, mama,” akasema.