Hodi Ndani ya Ukuta

Kila Alhamisi, Chuma alipotoka shule, alivua sare, akanawa mikono, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaketi kwenye mkeka mbele ya televisheni kufanya kazi. Ndiyo, kazi. Wenzake darasani walimwambia anawapiga kamba, lakini ilikuwa kweli.

Mama yake aliandika gazetini. Kila Jumamosi alipewa nusu ukurasa awaeleze wazazi kuhusu michezo mipya ya video: upi unafaa kuchezwa na familia nzima, upi unamfaa mtu anayecheza mara moja moja akipumzika, na upi uachwe huko huko dukani. Mama hakuijaribu peke yake. Bibi alicheza kwa niaba ya wasiojua kitu. Alikishika kidude cha kuchezea kwa mikono miwili, akakiita usukani, na kila gari lake lilipoingia mtaroni alisema barabara ndiyo mbovu. Chuma, mwenye miaka kumi na miwili na vidole vyepesi, kazi yake ilikuwa kufika mwisho. Baada ya hapo alijaza karatasi ya Mama yenye maswali manne: Ulicheka wapi? Ulichoka wapi? Uliogopa wapi? Mwisho ukoje?

Wiki hiyo mchezo uliitwa "Vyumba Saba". Unaingia katika nyumba kubwa iliyohamwa, unafagia, unapanga viti, unafuta vumbi. Chumba kikiwa safi, taa inawaka na mlango wa chumba kingine unafunguka. Lakini kwanza ni lazima ubishe hodi kwa sauti yako mwenyewe kwenye maiki. Jumatano Mama alibisha, Bibi akabisha, na Kitinda, mdogo wake Chuma wa miaka mitano, akabisha mara nne kwa raha zake. Bibi alifagia chumba cha kwanza dakika arobaini nzima.

"Waliohama hapa walikuwa wachafu," alisema. "Lakini gemu inatuliza moyo."

Alhamisi Mama alikuwa ofisini, na Bibi alikuwa ameenda na Kitinda kwa jirani. Chuma alibisha hodi, akaingia. Vyumba vinne akavimaliza upesi.

Cha tano hakikuwa na vumbi. Kilikuwa kimeshafagiwa. Viti vimepangwa, kitanda kimetandikwa, na mezani kulikuwa na kikombe kinachofuka mvuke. Muziki uliokuwa ukipigwa tangu mwanzo ukakatika. Chuma akasubiri. Ndipo kikasikika kitu kikigonga kutoka ndani ya ukuta: ngo, ngo, ngo.

"Hodi," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti yake. Si sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yake hasa, pamoja na ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo tangu Jumatatu. Kwenye kioo cha televisheni yakatokea maneno: Mwambie karibu.

"Hodi," ukuta ukarudia. Safari hii ilikuwa sauti ya Mama, taratibu, kama mtu anayejua kwamba umo ndani na unamsikia.

Chuma akazima televisheni. Akaona haitoshi, akachomoa na waya. Alisimama katikati ya sebule, akiukodolea macho ukuta wao, ambao ulikuwa ukuta tu, wenye kalenda na msumari.

Angeweza kusema. Lakini jina lake lilimkaba. Mwaka uliopita alimtoa popo darasani kwa mikono mitupu huku wavulana wakiwa wamepanda juu ya madawati, na tangu siku hiyo wote, hata walimu, hata Mama, walimwita Chuma. Chuma gani kinachokimbia sauti yake chenyewe?

Akachukua karatasi. Uliogopa wapi? "Hakuna mahali." Mwisho ukoje? Akalitazama kasha la mchezo, lenye picha ya nyumba inayong'aa na watu wakitabasamu mlangoni. Akaandika: "Nyumba yote inawaka taa na wenyewe wanarudi."

Jioni Mama aliisoma mara mbili. "Umefika mwisho kweli, mwanangu? Mimi nimeishia cha tatu, na kesho asubuhi napeleka makala."

"Nimefika, Mama."

"Hata Kitinda anaweza?"

"Anaweza."

Siku iliyofuata alirudi kutoka shule saa tisa alasiri. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mchana haukuwa ukifungwa hivyo.

"Hodi," akaita.

Akasikia nyayo ndogo zikija hadi nyuma ya mlango, zikasimama hapo.

"Kitinda, nifungulie. Jua linaniunguza."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, dada yako. Acha utani."

"Dada yuko huku." Kitinda alikuwa akinong'ona. "Yuko ukutani. Anabisha tangu saa ile. Namwambia karibu, na haingii."

Chuma akasogeza mdomo karibu na mlango. "Huyo si mimi, Kitinda. Sikiliza sauti yangu."

"Umeichukua sauti yake," Kitinda akasema, na nyayo zikarudi ndani.

Chuma alizunguka nyumba mbio. Uani, Bibi alikuwa kwenye kigoda akifua, povu hadi viwiko.

"Kulikoni? Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?"

"Bibi, Kitinda anacheza nini?"

"Ile nyumba ya kufagia. Si ulisema anaiweza? Ametulia tuli, hata sijamsikia."

Waliingia kwa mlango wa jikoni. Televisheni ilikuwa inawaka, ikionyesha chumba cha tano, pale pale Chuma alipoachia, na kile kikombe chenye mvuke, lakini hakuna aliyeitazama. Kitinda alikuwa mwisho wa korido, amepiga magoti, ameegemeza sikio kwenye ukuta unaopakana na sebule. Mkononi alikuwa na kijiko. Chini kulikuwa na vipande vya plasta, na ukutani kulikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Karibu," aliuambia ukuta. "Nakutoa sasa hivi, Dada. Usilie."

"Hodi," televisheni ikaita sebuleni kwa sauti ya Chuma.

Kitinda akageuka. Akamwona dada yake amesimama koridoni, mdomo umefumba, na sauti yake inatoka kwingine. Uso wake mdogo ukakunjika, akaanza kulia bila kutoa sauti hata kidogo. Chuma alimkumbatia. Bibi akaenda kuizima televisheni.

Ndipo jambo jingine likamjia Chuma. Kesho gazeti lingetoka. Lingeingia nyumba baada ya nyumba na kusema hakuna mahali pa kutisha, hata mtoto wa miaka mitano anaweza. Akamwomba Bibi simu.

"Mama, sikufika mwisho."

"Unasemaje?"

"Gemu. Niliishia cha tano. Kuna sauti zinabisha, sauti zetu wenyewe. Niliogopa, nikazima. Kitinda ametoboa ukuta anatafuta mtu."

"Ameumia?"

"Vidole kidogo. Yuko na Bibi."

"Na ule mwisho ulioniandikia uliutoa wapi?"

"Kwenye picha ya kasha."

Chuma alimsikia Mama akivuta pumzi, kisha viti vikisukumwa, na sauti ya mwanamume ikizungumza kwa haraka. Alikuwa mhariri. "Ukurasa unaondoka baada ya dakika ishirini, dada yangu. Naitoa makala, naweka tangazo, yaishe."

"Usiitoe," Mama akamwambia. "Ukiitoa watu watanunua bila kujua. Nipe hizo dakika."

"Asubuhi umeniletea haitishi, sasa inatisha. Nani kasema?"

"Mjaribu wangu."

"Yule yule?"

"Yule yule."

"Sasa alisema kweli jana, au anasema kweli leo?"

"Muulize mwenyewe," Mama akasema, na simu ikawekwa mezani wote wasikie.

Chuma alitamani ardhi impasukie. "Leo," akasema. "Jana niliona haya. Naitwa Chuma."

Mhariri alikohoa. "Haya, Chuma. Sema ulichosikia, taratibu. Usiongeze, usipunguze."

Alisema yote: chumba kisicho na vumbi, kikombe, muziki uliokatika, sauti yenye mafua, waya alioutoa ukutani. Alisema pia kwamba hajui kabisa cha sita na cha saba vikoje. Alisikia herufi za kompyuta zikigongwa upesi, zikijaribu kwenda naye sambamba.

Makala ilitoka. Iliwaambia wazazi wasiwape watoto wadogo mchezo huo, na ikakiri waziwazi kwamba waliojaribu mchezo waliishia chumba cha tano.

Jumamosi asubuhi Mama aliwakalisha wote sebuleni. Alimpa Kitinda maiki aseme lolote. Kitinda akalia kama paka. Mama akabonyeza, na paka yule yule akalia kutoka kwenye televisheni. "Unaona? Inahifadhi sauti zetu, halafu inazirudisha. Hakuna mtu." Kitinda alimliza paka mara kumi na moja ndipo akaridhika. Kisha Mama alimalizia vyumba viwili vilivyobaki, Chuma akiwa amemshika mkono. Mlango wa chumba cha saba ulifungukia chumba cha kwanza, kimejaa vumbi upya.

"Kazi yote ile," Bibi akasema. "Hawa watu hawana huruma."

Baadaye walikoroga saruji kidogo kwenye kopo ili kuziba tundu la koridoni. Chuma alipaka, Mama akasawazisha kwa ubapa wa kisu.

"Bado nina hasira, sitakuficha," Mama alisema. "Lakini nikuambie kitu. Sikukuuliza uliogopa wapi ili nikupime ujasiri. Hofu yako ndiyo niliyokuwa naihitaji. Nilitaka kumwambia mzazi ambaye simjui: hapa, mshike mwanao mkono. Mtu akikutegemea, mpe unachokijua, na usichokijua mwambie hukijui. Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kukimbia mahali, halafu ukamwambia mdogo wako kuko salama."

Chuma aliitikia kwa kichwa. Akachota saruji nyingine.

Kitinda alijipenyeza katikati yao, akaweka sikio karibu na saruji mbichi, akasikiliza kwa muda mrefu sana.

"Mama yuko sawa," akasema hatimaye. "Hakuna mtu. Nipeni na mimi nipake."